Gego la Zeituni na Herufi ya Dhwadi

Zeituni wa Ishaq alifundisha tajwidi pale Mumias kwa muda mrefu, hata mabinti aliowafundisha wakaanza kumletea mabinti wao. Hakuwa na madrasa ya kujengwa. Alikuwa na baraza ya nyumba yake, mikeka miwili mikubwa, na sauti. Mpita njia wa alasiri alisikia watoto wakiitikia kwa pamoja, kisha kimya, kisha yeye peke yake akisoma taratibu ili kila mtoto asikie kila herufi inatokea wapi.

Na hilo ndilo somo lenyewe. Tajwidi ni elimu ya kuipa kila herufi haki yake. Hii hutoka kooni, ile hutoka kwenye midomo, nyingine hutoka kwenye ncha ya ulimi. Lakini ipo moja ambayo hata walimu huikaribia kwa heshima, nayo ni dhwadi. Ubavu wa ulimi huinuka ukaegemea magego ya juu, sauti ikajibana hapo, kisha ikatoka nzito, imejaa. Wapo wanaoitoa upande wa kulia. Zeituni aliitoa kushoto, kama alivyofundishwa na shangazi yake. Herufi hiyo imo katika neno la mwisho la sura ambayo kila Mwislamu huisoma katika kila sala, kwa hiyo haipiti siku bila mtu kukutana nayo.

Mumewe Ishaq ni mkulima wa miwa, wala si msomi. Alipomwoa Zeituni alikuwa akisoma kama wasomavyo wengi, herufi zikijipitia zenyewe. Mkewe alimkalisha chini akamfundisha upya, usiku wa leo herufi moja, kesho nyingine. Ishaq hupenda kusema kwamba wenzake walioa wake, yeye alioa mwalimu, na kwamba viboko alivyochapwa vilikuwa vicheko.

Sasa siku moja walikuwa wakila obusuma, yaani ugali, kwa maharagwe, Zeituni akauma kijiwe. Kitu kililia ndani ya kichwa chake kama ukuni unaovunjwa. Gego la juu la kushoto, ambalo lilikuwa limezibwa miaka ya nyuma, lilipasuka hadi kwenye mzizi, na likabidi ling'olewe. Aliyeling'oa alimwambia asiwe na wasiwasi, pengo la huko nyuma halionekani hata mtu akicheka. Zeituni akashukuru, akajifunza kutafunia kulia, na maisha yakaendelea.

Ulimi ndio uliokataa. Ubavu wake ulipoinuka kutafuta gego, ukakuta pengo. Hewa ikachepuka, na dhwadi ikatoka nyepesi, ikifuatwa na kiluzi, mluzi mdogo wa hewa. Alijaribu kuihamishia kulia, lakini ulimi uliozoea upande mmoja maisha yote ulikuwa mzito kama mkono wa kushoto unaolazimishwa kuandika. Mwishowe akawa anaipita haraka, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi. Wachache walisikia. Imamu alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba mwenye udhuru hana lawama, na sala yake ni sala. Zeituni aliamini hivyo. Hata hivyo alikuwa akiitamani herufi yake, kama mtu anavyomtamani jirani aliyehama.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha akaja Swafia.

Swafia ni binti wa Swaibu, mwana wa kwanza wa Zeituni na Ishaq, na alianza kusoma kwa bibi yake akiwa mdogo, ana masikio mepesi kuliko watoto wote wa barazani. Alasiri moja Zeituni alimwambia asome peke yake. Mtoto akasoma vizuri mpaka akafika kwenye dhwadi.

"Herufi hiyo inavuja, mama," Zeituni akamwambia. "Rudia."

Swafia akarudia. Ikavuja vilevile, na kiluzi mwishoni.

"Rudia tena. Bana ulimi."

Ikatoka vilevile. Wenzake wakaanza kuchekea viganjani. Swafia akamtazama bibi yake kwa mshangao wa kweli. "Kwani nimekosea wapi, kukhu? Mimi nasoma tu vile wewe unasomanga."

Hakusema kwa utovu wa adabu. Zeituni akamwambia mtoto aliyekaa karibu naye asome neno lilelile, kisha wa pili yake, kisha mwingine. Karibu wote walikuwa nacho, kile kiluzi. Watoto wenye meno kamili, wakisoma kama watu wenye pengo.

Baada ya magharibi Ishaq alimkuta bado ameketi kwenye mkeka, hajawasha hata taa.

"Mama Swaibu, kuna nini?"

"Nimewapa watoto wa watu pengo langu," akasema, na akalia.

Ishaq akawasha taa. Aliketi kando yake mpaka akatulia.

Kwanza walijaribu jino la kubandika. Fundi wa meno alimtengenezea jino lililoshikiliwa na plastiki iliyofunika kaakaa. Kutafuna kulikuwa afadhali, lakini sasa hata herufi zilizokuwa nzima zikawa kama za mtu aliyeweka peremende mdomoni. Zeituni alilivumilia kwa wiki chache, kisha likabaki kwenye kikombe cha maji juu ya kabati. Ndipo Ishaq aliposikia habari za daktari wa meno mjini Kakamega, mwanamke aitwaye Chepkirui, ambaye hupandikiza jino kwenye mfupa likakaa kama lililoota.

Dkt. Chepkirui alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye desturi ya kuketi chini kuliko mgonjwa wake anapozungumza naye. Alimpiga Zeituni picha ya taya, ile ya mashine inayozunguka kichwa, kisha akawaonyesha wote wawili kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama, mfupa wa juu huku nyuma ni kama sakafu," akasema. "Juu yake kuna chumba cha hewa, hiki cheusi, ndicho kinachojaa ukipata mafua. Jino likitoka na mahali pake pakikaa patupu, sakafu inazidi kuwa nyembamba, na ule upande wa shavu mfupa unaliwa. Uliobaki mzuri uko huku ndani, kuelekea kaakaa. Nikiweka skrubu ya titani hapo, itashika bila taabu. Tunangoja miezi michache, halafu tunaweka jino juu yake."

"Litakaa palepale lilipokuwa?" Zeituni akauliza.

"Litaingia ndani kidogo. Wengi wanazoea."

"Kidogo kiasi gani, daktari?"

Chepkirui akamwonyesha kwa ukucha. "Unene wa punje ya mchele."

Zeituni akainamisha kichwa. Hakutaka kuonekana mtu wa kudai makubwa. Ishaq ndiye aliyesema, "Daktari, samahani. Mwambie akueleze kazi ya hilo gego. Si la kula peke yake."

Basi Zeituni akaeleza. Alianza kwa haya, akaishia kama yuko barazani kwake, mkono hewani ukionyesha ulimi unavyoinuka. Chepkirui ni Mkristo aliyekulia upande wa Nandi, na hakuwahi kusikia kwamba kuna herufi inayokaa kwenye magego. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa glavu nyingine.

"Naomba niweke kidole mahali pa pengo, mama. Halafu uitamke."

Akaweka kidole. Zeituni akatamka. Chepkirui alihisi ubavu wa ulimi umekuja, umetafuta, umesukuma kidole chake kwa nguvu ndogo iliyojua kabisa inakokwenda. Sauti ikatoka. Kwa sababu ya kile kidole haikuvuja sana, na Zeituni aliisikia. Macho yake yakajaa maji.

Daktari alitoa kidole polepole. Akaitazama picha tena kwa muda.

"Basi punje ya mchele ni kubwa mno," akasema.

Akawaeleza njia ya pili. Wangeiinua sakafu ya kile chumba cha hewa, wakaweka unga wa mfupa chini yake na upande wa shavu, wakashona, wakangoja mwili ugeuze unga ule kuwa mfupa wa kweli. Ukikomaa, ndipo skrubu ingewekwa palepale jino lilipokuwa, si mahali palipo rahisi. "Ni safari ndefu," akasema, "na wakati mwingine mwili hukataa. Siwezi kukuahidi kwamba itakubali."

Zeituni akamtazama mumewe.

"Miwa inakaa shambani mwaka na nusu," Ishaq akasema, "na tunaingojanga. Sembuse wewe."

Upasuaji wa kwanza ulipita salama. Kazi ilikuwa baadaye. Zeituni alikatazwa kupenga kamasi, na chafya ikija aiache itoke kwa mdomo wazi, isije ikaipasua ile sakafu mpya. Na ulikuwa wakati ambapo watu huchoma mashamba kabla ya kukata miwa, masizi meusi yakielea mpaka ndani ya nyumba na kuwasha pua. Ishaq akazunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akiwaomba wamwambie kabla hawajawasha. Wengine walicheka, lakini walimwambia. Siku ya moto alitundika shuka zilizoloweshwa kwenye madirisha, akakaa ndani na mkewe katika giza la mchana, akimpikia uji, wakikatazana kuchekeshana. Hilo la mwisho liliwashinda.

Barazani, Zeituni hakufunga masomo. Alimwita mwanafunzi wake wa zamani, Zulekha, ambaye sasa anafundisha Matungu, aje mara moja kwa wiki awasomeshe watoto herufi ile moja. Zulekha alifika amejaa aibu.

"Nitafundishaje mbele yako, ustadha?"

"Mimi sipo mbele yako," Zeituni akamjibu. "Mimi niko hapa." Akaketi mkekani katikati ya watoto, akasikiliza dhwadi aliyoifundisha zamani ikirudi kwake kutoka kinywa kingine, nzima, haina tundu. Watoto walishangaa kumwona anaitikia pamoja nao. Swafia alimsogelea akaegemeza kichwa kwenye bega lake.

Picha ya pili ilionyesha kwamba mfupa umekubali. Pale palipokuwa na ukingo mwembamba palikuwa na weupe mpana. Chepkirui alifurahi waziwazi, akapiga meza kwa kiganja.

Kisha akafanya jambo lililomchukua muda mrefu kuliko alivyotarajia Zeituni. Alichukua kipimo cha meno yake yote, akakiunganisha na ile picha ndani ya kompyuta, na kabla ya kugusa habari za skrubu akachora jino. Alilichora juu ya pengo, akalizungusha, akalisogeza kuelekea shavuni, akalirudisha, akilinganisha na gego la upande wa kulia ambalo bado lilikuwepo. Ndipo akaweka skrubu juu yake, ndani ya mfupa, katikati kabisa, imesimama wima, haigusi mizizi ya jirani wala kile chumba cha juu.

"Ukianza na mfupa, jino linakaa mfupa unapotaka," akasema. "Leo tunaanza na jino."

Kutokana na mchoro ule kikatengenezwa kifuniko cha plastiki ngumu kinachovishwa juu ya meno mengine, chenye tundu moja lililozungushiwa pete ya chuma. Mashine ya kutoboa ingepita katika tundu lile tu, isiweze kwenda kombo.

Lakini mambo ya mezani na ya mdomoni si mamoja. Siku yenyewe, mahali pa gego pakawa mbali, nyuma kabisa ya kinywa. Zeituni alifungua kinywa mpaka pembe za midomo zikauma, na bado kifuniko, mashine na mkono wa daktari vilikuwa vinagombania nafasi moja. Chepkirui alianza kwa kutoboa kidogo tu, juujuu. Akasimamisha, akatia kijiti chembamba cha chuma katika tundu, akapiga picha.

Kijiti kilikuwa kimelala nyuma. Si sana. Mtu mwingine asingeona.

"Tunasimama," Chepkirui akamwambia msaidizi wake. Akatoa vyote mdomoni, akakiinua kiti, akamwambia Zeituni afunge kinywa apumzike. "Taya limechoka, na kifuniko kikainuka upande mmoja. Bado hatujaenda mbali, kwa hiyo hapajaharibika kitu. Umeumia?"

Zeituni akatikisa kichwa. Nusu ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi, maneno yakitoka mapana. "Naogopa usije ukachoka na mimi, daktari."

Chepkirui akavuta kiti chake karibu, akamshika mkono. "Sichoki, mama. Hata ikibidi turudi siku nyingine tutarudi. Wewe pumua."

Wakakaa hivyo, mmoja akimshika mwenzake, mpaka lile taya likaacha kutetemeka. Walipoanza tena, Chepkirui alikikandamiza kifuniko kwa kidole upande wa nyuma, akakichungulia kila pembe mpaka akaona kimelala sawa juu ya kila jino. Akatoboa kidogo. Kijiti. Picha. Safari hii kilisimama wima. Akaendelea kwa hatua ndogondogo hivyohivyo, akimpumzisha kila mara, na skrubu ikaingia taratibu mpaka ikashika.

Nje, Ishaq alikuwa amesimama muda wote ingawa viti vilikuwa vitupu. Chepkirui alipotoka hakusema mengi. Alimwonyesha picha ya mwisho, akafuata kwa kidole mstari uliopita katikati ya jino lililochorwa na katikati ya skrubu. Ulikuwa mstari mmoja. Ishaq hakujua kusoma picha za mifupa, lakini mstari ulionyooka mkulima anaujua.

Wakangoja tena mfupa uikumbatie skrubu. Hatimaye ikafika siku ya kujaribu jino lenyewe, kwanza la plastiki, linalochongeka.

Chepkirui alilifunga, akampa Zeituni kioo. Zeituni hakujitazama. Alifumba macho, akapitisha ulimi polepole ubavuni, mara moja, kisha tena, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yake gizani akitafuta mlango.

Akatamka.

Kiluzi hakikuwepo. Lakini herufi ilikuwa nene, imebanwa mno, na Zeituni akakunja uso. "Kuna mahali jino linatangulia kabla ulimi haujafika," akasema. "Hapa ndani, chini kidogo."

Chepkirui hakubisha. Alilifungua jino, akalipunguza upande wa ulimi kwa kijiwe cha kusugulia, akalirudisha. Zeituni akatamka. Bado. Akalitoa tena, akasugua kidogo zaidi. Wakaendelea hivyo wanawake wawili, mmoja akisikiliza kwa sikio, mwingine kwa vidole, na msaidizi akasahau vyombo vyake akabaki kuwatazama. Ishaq aliitwa kutoka nje, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Zeituni akavuta pumzi. Safari hii hakutamka herufi peke yake. Alisoma sura nzima kwa sauti ya chini, kama alivyoisoma tangu utotoni, na alipofika neno la mwisho ubavu wa ulimi ukainuka, ukaegemea, ukatulia. Dhwadi ikatoka nzito, imejaa.

Kisha Ishaq akasema kwa sauti ndogo, "Irudie, Mama Swaibu."

Akairudia.

"Irudie tena."

Akairudia huku machozi yakimshuka, na Chepkirui akageuka upande akajifanya anapanga vifaa. Jino la kudumu lilichongwa kwa kufuata lile la plastiki, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Mwezi wa kwanza ulimi ulikuwa bado na woga wa zamani. Mara nyingine uliruka mahali pale kabla ya kukumbuka kwamba pengo halipo. Zeituni akawa anajisomea peke yake asubuhi, akiufundisha ulimi wake kama anavyomfundisha mtoto mgeni, bila haraka. Alipoona umetulia, alimshukuru Zulekha kwa zawadi ya kanga na kuku, akarudi mbele ya mkeka.

Siku ile aliwasikiliza watoto wote, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa vizuri. Zulekha alikuwa amewanyoosha. Swafia pekee alikuwa amekaa nyuma kabisa, yeye ambaye siku zote hupigania mbele, na ilipofika zamu yake alisoma midomo imebanwa, dhwadi ikavuja kama maji kwenye ungo.

"Njoo hapa," Zeituni akamwambia. "Una nini leo?"

Swafia akaja, akanong'ona kwa aibu, "Kukhu, sasa ni mimi niko na pengo. Limetoka jana nikila muwa."

"Fungua nione."

Mtoto akafungua kinywa. Gego la utotoni la upande wa kushoto halikuwepo, na katikati ya ufizi mwekundu palikuwa na nukta nyeupe, ndogo kama kichwa cha pini. Zeituni aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akacheka, cheko la wazi ambalo watoto wengine walilifuata bila kujua wanacheka nini.

"Lako linakuja lenyewe," akasema. "Halina haja ya daktari wala mashine. Na linajua mahali pake."

"Na dhwadi je?"

"Itakungoja. Usiikimbilie, usije ukaizoesha njia ya mkato. Kwa sasa utasikiliza."

Akamketisha karibu yake, ubavu wake wa kushoto, akawaashiria wengine wanyamaze, na akaanza kusoma.